Kompyuta nane na alama moja ya @: kisa cha saiba ya Mwembe Tayari

Simu ilinikuta Likoni, Mombasa, kwenye foleni ya feri, saa moja na robo asubuhi. Mwenye saiba, duka la kutumia kompyuta na intaneti kwa malipo, ni mama ambaye nimemtengenezea mashine tangu enzi za skrini zenye mgongo, na siku hiyo hakupitia salamu zake za kuulizia watoto mmoja mmoja. Alisema stima ilikatika usiku, amekuja kufungua, na kompyuta zote nane zinamwonyesha skrini nyeusi yenye kisanduku cha paswadi. Paswadi anayo, imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kaunta. Ameijaribu yeye, ameijaribu msichana wa dukani, ameijaribu hata jirani wa M-Pesa. Haikubali.

"Njoo mwanangu, watu washajaa hapa nje."

Kisa hiki nimekisimulia barazani mara kadhaa na kila msikilizaji huondoka na hukumu yake. Mmoja husema Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, haifai biashara, mwingine husema vijana wa siku hizi hawana subira. Naona wote wawili wamekosea: kisa hiki ni cha kisakinishi, programu inayoweka mfumo kwenye kompyuta, na ugomvi wa kama kikuamulie kwa wepesi au kikuachie udhibiti wote. Ndiyo maana nakiandika chote, pamoja na yale niliyoyafanya mimi vibaya.

Duka liko dakika tano kwa mguu kutoka stendi ya mabasi ya Mwembe Tayari. Lina kompyuta nane za mezani, mitumba ya Uingereza, zote za sampuli moja: prosesa ya Intel ya kizazi cha sita, RAM gigabaiti 8, SSD moja kila mashine. Saba ni za wateja. Ya nane iko kaunta, na hiyo ndiyo inayoskani, inayoprinti na inayotunza mafaili. Watu huja kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa marejesho ya kodi, kwa mikopo ya wanafunzi ya HELB, kwa CV na barua za maombi ya kazi. Jumamosi huja watoto wa shule na kazi zao za nyumbani.

Mashine zilikuwa na Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa jumla, prosesa za Intel za kizazi cha nane kwenda juu. Za mama zilikuwa nyuma kwa vizazi viwili. Kununua nyingine nane ni pesa ambazo saiba ya Mwembe Tayari haiwezi kuzitema kwa mara moja. Mtoto wa kaka yake, mwanafunzi wa chuo kikuu huko bara, alikuwa nyumbani wakati huo. Akamwambia, shangazi, niachie mimi. Jumamosi moja, flashi mbili, Ubuntu 24.04, ambayo ni aina ya Linux, na kabla ya magharibi mashine zote nane zilikuwa zimeamka na sura mpya. Printa ilijitambulisha yenyewe. Skana vilevile. Niliposikia sikuamini, maana hizo ndizo kazi nilizokuwa nikilipwa.

Kwa wiki kadhaa hakukuwa na tatizo. Kijana ndiye aliyekuwa akifungua duka, na paswadi ya asubuhi aliiandika yeye kila siku bila mtu kumtazama vidole. Alipokaribia kurudi chuoni aliandika ile karatasi, akamwelekeza msichana wa dukani asizizime mashine jioni, azilaze tu. Aliondoka Jumapili. Stima ikakatika Jumanne usiku.

Nilipofika nilimpigia simu kijana, imezimwa, yuko kwenye mtihani. Nikaketi mbele ya mashine ya kwanza nikaiandika paswadi kama ilivyo: neno la Kiswahili, alama ya @, na tarakimu nne. Ikakataa. Nikaiandika polepole. Ikakataa. Kisanduku kile huonyesha nukta tu, hivyo huoni unachokosea. Nilijaribu herufi kubwa mwanzoni, nikajaribu bila tarakimu, nikaanza kumwazia kijana mabaya. Jirani wa M-Pesa alikuwa amesimama nyuma yangu akitoa ushauri ambao sikuuomba.

Kilichonizindua ni alama ya pauni. Juu ya namba tatu ya kibodi ile kulikuwa na £. Kibodi ya Uingereza! Katika kibodi ya namna hiyo alama ya @ imechapwa kwenye kitufe kilicho karibu na Enter, na juu ya namba mbili kuna alama za kunukuu. Kibodi ya Kimarekani ni kinyume chake: @ iko juu ya mbili. Kijana aliposakinisha aliacha mpangilio wa Kimarekani, ambao ndio uliomtangulia kwenye skrini na ndio wa laptopu yake. Vidole vyake vilizoea Shift na mbili. Sisi wengine tulitazama kilichochapwa juu ya vitufe, tukabonyeza @ iliyo karibu na Enter, na kompyuta ikapokea alama ya kunukuu.

Nikabonyeza Shift na mbili. Mashine ikafunguka. Zilizobaki saba nazo zikafunguka, dakika kumi hazikuisha.

Utauliza, na mimi nilijiuliza, iweje wiki zote hizo hakuna mteja aliyelalamika kwamba @ haipatikani, na barua pepe ndiyo kazi ya saiba? Walilalamika, siku ya kwanza tu. Kijana akaingia kwenye mipangilio ya mezani akabadili kibodi kuwa ya Uingereza, na wateja wakatulia. Lakini mabadiliko hayo yalikuwa ya mtumiaji aliyeingia, ndani ya GNOME, yaani ile sura ya mezani anayoiona akishaingia. Yale maandalizi madogo yanayoamka kabla mfumo haujafungua diski, iliyofungwa kwa ile paswadi ya asubuhi, yalibaki na kibodi ya Kimarekani iliyochaguliwa siku ya kusakinisha. Mashine moja, kibodi mbili ndani yake, na ile ya mlangoni hakuna aliyejua kuwa ipo.

Mama alitaka kunilipa nikaondoke. Nilimwambia bado, kwa sababu stima ya Mombasa itakatika tena.

Jioni ile nilichukua flashi ileile ya kijana nikaianzisha kwenye mashine yangu ya majaribio nyumbani. Nilitaka kuona aliulizwa nini. Kisakinishi cha Ubuntu 24.04 ni kizuri kweli, nisimdhulumu mtu. Kinauliza lugha, mahitaji ya wenye ulemavu, kibodi, mtandao, iwapo unataka programu chache au nyingi, iwapo unataka madreva yasiyo huria, diski, jina lako na paswadi, saa za eneo. Mwisho kinakuonyesha muhtasari kabla ya kuanza. Ukurasa wa kibodi una kisanduku cha kujaribia kuandika. Nadhani watu wengi hukipita kama nilivyokuwa nikikipita mimi.

Ukurasa wa diski ndio wa kutazamwa. Una njia mbili: kufuta diski nzima na kusakinisha, au kujipangia mwenyewe. Chini ya ile ya kwanza kuna kitufe kidogo cha mambo ya ziada, na humo ndimo mnamokaa chaguo la LVM, namna ya kugawa diski, pamoja na usimbaji wa diski nzima, yaani kuifunga isisomeke bila paswadi. Unalichagua, unaandika paswadi mara mbili, unasonga mbele. Kijana alilichagua. Baadaye aliniambia alisoma kuwa diski iliyosimbwa ni salama zaidi, na huo ni ukweli mtupu kwa laptopu inayosafiri kwenye basi usiku.

Sasa pima uzito wa maswali hayo. Saa za eneo zimepewa ukurasa mzima na ramani ya dunia, ilhali ukikosea unarekebisha baadaye kwa sekunde tano. (Katika orodha yenyewe Mombasa haipo, kuna Africa/Nairobi, lakini hilo tumeshalizoea.) Programu chache au nyingi nazo zina ukurasa wao, na hilo hata kesho utalibadilisha. Usimbaji umewekwa nyuma ya kitufe, kwa ukubwa uleule wa chaguo lingine lolote, na huo ukishaukubali kuutoa ni shughuli. Zana ya cryptsetup inaweza kuuondoa diski ikiwa papo hapo, ila ni kazi ambayo singemwachia mtu asiye na nakala ya mafaili yake. Wengi wetu husakinisha upya tu.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo katika ugomvi huu wa siku nyingi wa wepesi na udhibiti. Watu hubishana kisakinishi kiulize maswali mangapi. Mimi naona idadi si hoja. Kuna maamuzi yanayorudi nyuma na kuna yasiyorudi, na kisakinishi chema kingenyamaza kwenye yale ya kwanza na kusimama kidete kwenye yale ya pili. Kwenye usimbaji kingeandika kwa herufi nene: kila mashine hii itakapowaka, mtu atalazimika kukaa mbele yake na kuandika maneno haya, kwa kibodi hii, je, mtu huyo ni nani? Sentensi moja. Kijana angekumbuka kuwa yeye anarudi bara.

Wanaopenda udhibiti kamili watasema dawa ni kumfundisha kijana apange diski kwa mkono. Mimi nilikuwa wa kundi hilo. Mwaka 2006, saiba nyingine, upande wa Digo Road, nilikuwa na CD ya Ubuntu. Zamani zile Canonical, kampuni ya Ubuntu, ilikuwa ikizituma bure kwa posta, na mpaka mpango huo ulipofungwa mwaka 2011 nilikuwa nimeshagawa nyingi. Nilizidharau. Nikaweka Debian, aina nyingine ya Linux, nikapanga sehemu za diski kwa mkono, nikijiona bingwa. Mashine ilikuwa na diski mbili, hda na hdb. Nilifuta hdb. Hdb ilikuwa ya mpiga picha aliyekodi meza pale, na ndani yake mlikuwa na picha za harusi mbili ambazo hazijasafishwa. Kisakinishi kiliniuliza kama nina uhakika. Nikasema ndiyo. Kilinipa udhibiti wote niliouomba.

Kwa hiyo maswali mengi hayakunisaidia kitu. Nilikuwa na jedwali la namba na majina ambayo yangesomeka vilevile kwa diski yoyote, na hakuna mahali lilipoandika kwa lugha ya mtu kwamba diski hii ina mafaili kadhaa ya picha yaliyoguswa jana. Nikisoma watu wakisifu njia ya mkono kana kwamba ni uchamungu, huikumbuka sura ya yule mpiga picha.

Na njia ya maandishi si lazima iwe ngumu. Kisakinishi cha OpenBSD, mfumo mwingine huria usio Linux, hakina picha hata moja. Kinauliza swali, kinaweka jibu lake kwenye mabano, ukikubali unabonyeza Enter. Kinapanga hata sehemu za diski, kinakuonyesha kilivyozipanga, unakubali au unahariri. Ukijua unachotaka utamaliza kabla kahawa haijapoa. Arch, aina ya Linux ambayo kwa miaka wafuasi wake walijivunia kusakinisha kwa kuandika amri moja moja, tangu Aprili 2021 huweka kwenye faili lake la kusakinishia zana ya archinstall inayouliza maswali na kufanya kazi yenyewe. Walionuna walinuna. Njia ya mkono bado ipo palepale, haikuondolewa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Debian, kwa sababu uliumiza watu kimsimamo kabla ya kuwasaidia. Kadi nyingi za Wi-Fi hazifanyi kazi bila programu ndogo za mtengenezaji ambazo msimbo wake haujafunguliwa. Debian ilikataa kuziweka kwenye faili lake rasmi la kusakinishia. Matokeo yake unasakinisha kwenye laptopu isiyo na waya wa mtandao, kisakinishi kinakuomba faili la kadi yako, faili liko mtandaoni, na mtandao ndio unaoutafuta. Nimepanda matatu kutoka Bamburi hadi mjini kwa ajili ya faili moja. Mwaka 2022 wanachama walipiga kura, wakarekebisha hata mkataba wao wa kijamii, na Debian 12 ilipotoka Juni 2023 programu hizo zilikuwa ndani. Asiyezitaka anaandika neno moja wakati wa kuwasha, na hazipakiwi. Wepesi ndio mwanzo, kukataa kumeachwa wazi, na mahali pa kukatalia pameandikwa.

Turudi dukani, kwa sababu kulikuwa na jambo la pili ambalo mama alilitaja kama pembeni tu: bando lilikuwa linaisha mapema. Alidhani msichana anatazama filamu. Nilipofungua ruta niliona kila mashine inavuta data kwa wakati wake, hata saa ambazo hakuna mteja.

Katika Ubuntu, tangu toleo la 21.10, kivinjari cha Firefox huletwa kama Snap, aina ya pakiti ya programu inayojisasisha. Snap huangalia masasisho mara nne kwa siku na kuyashusha yenyewe. Kwa mtu mwenye faiba nyumbani hilo ni neema: kivinjari chake kina viraka vya usalama bila yeye kujua. Kwa duka linalonunua data kwa kipimo, ni kompyuta nane zinazoleta kitu kilekile mara nane. Masasisho ya kawaida, yanayoletwa na zana ya apt, naweza kuyahifadhi kwenye mashine moja kwa apt-cacher-ng, moja ikishusha saba zinachukua humo humo dukani. Snap haipiti hapo. Kuizuia kunawezekana, tangu toleo la 2.58 la snapd, programu inayoendesha Snap, kuna amri ya kuisimamisha hata bila kikomo, lakini amri hiyo ni ya kuandika, haipo popote ambapo mama au msichana wake wangeiona.

Singetaka kuzima masasisho ya kivinjari kwenye saiba. Mahali ambapo wageni hamsini kwa siku wanafungua akaunti zao za kodi, kivinjari cha zamani ni mlango uliovunjika kitasa. Nilichotaka ni kishushwe mara moja, usiku.

Tatu, na hili ndilo lililoamua: wateja walikuwa wakitumia akaunti moja inayojifungua yenyewe. Nilifungua folda ya mafaili yaliyoshushwa kwenye meza ya tatu nikakuta vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vilivyoskaniwa, barua ya talaka. Zamani Ubuntu ilikuwa na kikao cha mgeni: mtu anaingia bila paswadi, anafanya lake, akitoka kila kitu kinafutika. Ilipohamia GNOME mwaka 2017 kikao hicho hakikuhama nayo. Kijana hakujua kiliwahi kuwapo, angewezaje kukitafuta? Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini hata isingekuwapo, barua ya talaka ya mtu haikai mezani Mwembe Tayari.

Cha kushangaza, usimbaji wa diski haukulinda kitu hapo. Mashine ikiwa imewaka, diski iko wazi kwa yeyote aliyeketi. Ulikuwa unamzuia mwizi atakayebeba kompyuta usiku, na mlango wa chuma wa mama ulikuwa tayari unamzuia. Aliyekuwa anachungulia mafaili ni mteja wa saa nne akisoma ya mteja wa saa tatu. Kisakinishi hakiwezi kujua hilo. Hakijui kama kimekaa kwenye laptopu ya mwanafunzi, kwenye saiba au kwenye kaunta ya duka la dawa, na sijaona kinachouliza. Kinauliza jina langu na jina la kompyuta, hakiulizi itatumiwa na watu wangapi.

Tulifanya hivi. Meza saba za wateja tuliziweka Linux Mint 22, ambayo imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na itasasishwa hadi 2029. Bila usimbaji. Kikao cha mgeni kimo, ila kimezimwa hadi ukiwashe kwenye mipangilio ya dirisha la kuingilia, ni kubofya mara moja. Firefox yake ni pakiti ya kawaida, inapita kwenye hifadhi yangu ya apt. Mint yenyewe imekuamulia jambo: tangu toleo la 20 la mwaka 2020 inazuia Snap isiingie. Tofauti ni kwamba uamuzi huo umeandikwa kwenye faili moja dogo la maandishi, lina maelezo ya kwa nini lipo, na ukilifuta kizuizi kimeondoka. Nimekubali kuamuliwa kwa namna hiyo maisha yangu yote.

Niliisakinisha mashine ya kwanza kwa utulivu, kibodi ya Uingereza tangu ukurasa wa mwanzo, nikaijaribu siku mbili, kisha nikainakili kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, kwenye diski ya nje na kuimwaga kwenye zile sita. Kila moja nikaipa jina lake na kufuta faili la machine-id ili itengeneze jipya, kwa kuwa nakala zinazoshiriki kitambulisho kimoja huja kugombana kwa njia ambazo utazitafuta wiki nzima. Hapa naungama: mbinu hii ya kunakili ni wepesi uleule niliokuwa nikiukosoa. Nimewaamulia wateja na mama mambo mengi kwa mkupuo. Nilichoongeza ni daftari. Kurasa mbili, kwa Kiswahili, kwa mkono wangu: nini kimewekwa, kwa nini, na kinabadilishwa wapi. Limo kwenye droo ya kaunta.

Siku ya tatu ya mpangilio mpya, mteja mmoja aliandika barua ya kurasa tatu ya kuomba kazi bandarini, akatoka kwenye kikao kwenda kuchukua pesa kwa M-Pesa ya jirani, akarudi. Barua haipo. Kikao cha mgeni kilifanya kazi yake. Mzee wa watu hakupiga kelele, aliketi tu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Msichana aliichapa upya bila malipo, mzee akimtamkia. Sasa kuna bango juu ya kila skrini: hifadhi kwa flashi au jitumie kwa barua pepe kabla ya kutoka. Mfumo wenyewe huonya mgeni anapoingia, kwa Kiingereza, kwenye kisanduku ambacho kila mtu hubonyeza sawa.

Mashine ya kaunta tuliiacha na Ubuntu yake na usimbaji wake. Ile inatunza mafaili ya watu kwa siku kadhaa, na ndiyo ambayo mwizi angeibeba. Nilirekebisha kibodi ya mlangoni ifanane na ya mezani. Kisha nikamwonyesha mama jambo ambalo kisakinishi hakikumwambia kijana: diski iliyosimbwa kwa LUKS, njia ya Linux ya kufunga diski, haina ufunguo mmoja. Toleo la pili la LUKS lina nafasi 32. Unaweza kuongeza paswadi nyingine bila kuigusa ya kwanza, na kuiondoa ya zamani ukitaka. Kisakinishi kiliomba moja, sote tukaamini ni moja.

Nikamwambia aandike yake, maneno matupu, bila alama yoyote inayohama kitufe. Akaniambia nigeuke. Nikageuka nikatazama nje wauza madafu. Aliandika kitu kirefu sana, mara mbili, bila kukosea. Hadi leo sijui ni nini na sijamuuliza. Nakala ya kichwa cha ile diski, ambacho kikiharibika hata paswadi sahihi haisaidii, ipo kwenye flashi, na flashi ipo nyumbani kwake kwenye kikasha cha dhahabu.

Kijana alirudi Disemba. Tulikaa kaunta na sahani ya viazi karai, nikamweleza yote, naye hakuyakubali yote. Alisema, ami, kama kisakinishi kingekuwa kama hicho cha OpenBSD singefika hata ukurasa wa pili, na shangazi angekuwa bado na Windows iliyokwisha muda. Ni kweli. Alisema pia kwamba karatasi yangu ya kurasa mbili ni udhibiti wa fundi, si wa mwenye duka, kwa sababu shangazi hawezi kuifuata bila kunipigia simu. Hilo lilinichoma kidogo. Nilimjibu kwamba kanuni ya kwanza ni kwamba imeandikwa. Akasema imeandikwa kwa mwandiko wa daktari. Mama akacheka kuliko ilivyostahili.

Amelichukua daftari, analiandika upya kwa kompyuta na picha za kila hatua. Ameongeza ukurasa ambao sikuufikiria, wa jinsi ya kuanza upya na fundi mwingine endapo mimi sipo.

Juzi stima ilikatika tena, mji mzima upande wa kisiwani. Iliporudi nilimpigia mama mimi. Akasema yuko na wateja, nimpigie baadaye.